Kinatosha, Baba

Kila wiki mbili, siku ya Ijumaa, Walburga alitoka shuleni na mifuko miwili, wa madaftari na wa nguo. Wiki mbili alilala kwa mama yake, Bombambili, na wiki mbili kwa baba yake, Lizaboni. Ndivyo wazazi wake walivyokubaliana baada ya kuachana. Mdogo wake, Egidi, alikuwa na miaka mitatu tu, kwa hiyo alibaki kwa mama moja kwa moja.

Kwa baba kulikuwa na ugali wa kushiba na maharage. Kwa mama kulikuwa na uji mwepesi na likolo, mboga za majani zisizo hata na karanga. Zamani baba alimletea mama kila mwezi gunia zima la mahindi kutoka shambani kwake Mpitimbi. Tangu Walburga aanze kulala kwake, alileta nusu.

"Huyu nusu ya mwezi namlisha mwenyewe," alisema. "Gunia zima la nini tena?"

Mtu mzima mwenye ndevu zake alipiga hesabu hiyo akamsahau Egidi.

Mama naye hakutaka kuomba. "Baba yako akikuuliza, mwambie tunakula vizuri," alimwonya Walburga. "Sitaki anione ombaomba."

Kwa hiyo baba alipouliza kama kwa mama chakula kinatosha, Walburga aliinamia sahani.

"Kinatosha, baba."

Alimhurumia mama yake, na ugomvi wa wazazi wake ulikuwa umemchosha.

Mvua zilipokolea, miguu ya Egidi ilianza kuvimba. Nywele zikapauka, akaacha kucheza, mwisho akaacha hata kulia. Hospitalini walisema ni utapiamlo, wakamlaza. Baba alikuja ameloa, akamkuta mama kando ya kitanda pamoja na Walburga na Bi Zulfa, afisa ustawi wa jamii.

"Mbona sikuambiwa?" baba aliuliza. "Walburga alisema kinatosha."

Wote wakamgeukia. Walburga alijiona amemuua mdogo wake, ingawa Egidi alikuwa bado anapumua. Alitamani asingezaliwa.

"Mimi ndiye niliyemtuma," mama alisema huku akitazama sakafu.

"Msimtazame mtoto," alisema Bi Zulfa. "Baba Walburga, binti kulala kwako hakupunguzi njaa ya Egidi, wala kodi ya chumba. Mama Walburga, matunzo ni haki ya watoto, si sadaka kwako. Aibu yako umembebesha mtoto. Na wewe mwanangu, ukiulizwa habari ya njaa, sema kweli, hata kama wakubwa hawapendi kuisikia."

Gunia zima lilirudi. Egidi naye alirudi nyumbani, lakini alikaa tu mkekani akiwatazama wenzake wakikimbia. Wazazi hawakusalimiana. Baba alishusha mzigo mlangoni kutoka kwenye baiskeli.

"Sasa chakula kinatosha?" alimuuliza Walburga.

Walburga alimtazama Egidi.

"Hakitoshi, baba. Mahindi yapo. Maharage hayapo."

Baba aligeuza baiskeli kwenda kuyafuata.