Hodi ya Elfu Tano

"Elfu tano ya kuitikia hodi?" Mutalemwa alifoka. "Hebu rudia, bwana Mihayo, huenda boti imenijaza maji masikioni."

"Umesikia vizuri, mzee." Mihayo, mtunzaji wa ile nyumba ya kilimani, alikuwa bado kashika begi la wageni wake. "Mkipanga hapa, mimi nakaa mlangoni. Akibisha mtu, naitikia. Akibisha wa huko juu mawe­ni, nanyamaza, anaondoka zake."

"Soko huria hilo! Viwandani wamepunguza watu, sukari imepanda, sasa hata karibu inauzwa!"

"Basi lindeni wenyewe. Ukisikia hodi, chungulia kwanza. Mkimkaribisha kabla hamjamwona, mimi msinifuate."

Mutalemwa akampokonya begi. Dukani kwake, mtaa wa Nyakato jijini Mwanza, aliuza vipuri vya baiskeli kwa bei moja, mjomba na mgeni sawasawa, na mtu wa bei za ajabu kwake alikuwa mwizi tu. Akamwambia ashuke mlima.

Ilikuwa sikukuu ya Pasaka. Masika yalikuwa yamekiosha kisiwa walichokuja kutembelea, vilima vyote kijani, maua ya njano yamechomoza hadi kwenye nyufa za majabali. Yeye, mkewe Kokulinda na binti yao Odeta, mtoto wa miaka minane, walipanda na kushuka asubuhi nzima, ziwa likiwazunguka pande zote. Mutalemwa alijisikia baba hasa. Alikuwa hajawahi kuipeleka familia yake mahali kwa kutembea tu.

Mchana, Kokulinda alikuwa akigeuza sato kwenye mafuta. Sauti ya kike, ya adabu, ikasema mlangoni, "Hodi humu."

"Karibu, pita ndani," akajibu bila kugeuka. Ndivyo alivyolelewa, na mkono ulikuwa kwenye kikaango.

Pazia likajigawa, likarudi. Hakuna aliyeingia. Ikaingia harufu, kama ya udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na kiti cha pembeni kikalia kama kimekaliwa.

"Umesema nini?" Mutalemwa alinong'ona.

"Nimesema karibu." Aligeuka, mwiko mkononi. "Baba Odeta, nimesema karibu."

Odeta akajisogeza mkekani. "Baba, na wewe sogea. Unamkanyaga."

Mutalemwa alishuka mlima mbio, noti mkononi. Mihayo hakuzigusa.

"Mzee, mimi namzuia mlangoni. Aliyekwisha karibishwa sina mkono wa kumtoa."

Wakapanda boti jioni ile ile, na njia nzima hadi Mwanza boti ikalalia upande aliokaa Odeta, ingawa upande ule alikaa peke yake.

Nyumbani Nyakato padri alinyunyiza maji ya baraka yakakauka kabla hayajafika sakafuni, mganga kutoka Buswelu akafika getini, akanusa, akageuza baiskeli yake bila kuaga, na Odeta akazidi kukonda mbele ya macho yao kwa sababu kila tonge alilolinyanyua liliisha mkononi mwake kabla halijagusa meno, huku pembeni yake kukisikika mtafuno wa taratibu, wa mtu asiye na haraka, mtu aliyefika kwao na anayejua kwamba hakuna atakayethubutu kumwambia aondoke.

"Tumfanyie ugeni," Kokulinda alisema kwa sauti ya chini, macho yamemvimba. "Mgeni akiheshimiwa huaga. Labda ataaga."

Wakachinja jogoo mkubwa kuliko wote. Mutalemwa, ambaye hajawahi kumbembeleza mteja, alipiga magoti mbele ya kiti kitupu, akaweka sahani, akanawisha hewa maji ya vuguvugu, na maji yale hayakudondoka kwenye beseni.

"Shikamoo, mgeni wetu. Kula, ushibe, tukusindikize. Tuachie mtoto. Ndiye huyo mmoja tu."

Sahani ikasukumwa polepole mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka. Nywele za Odeta zikanyanyuka nyuma ya sikio kana kwamba zinashikwa kwa vidole, kichwa chake kikavutwa nyuma taratibu, taratibu, hadi koo lote likakaa wazi, na mtoto hakulia, alimtazama tu baba yake, wakati ile sauti ya adabu ikitoka kinywani mwa Odeta bila midomo kucheza:

"Kuku huchinjiwa wapita njia. Mimi mlinikaribisha ndani, na wa ndani huchinjiwa mtoto. Nipeni haki yangu."