Punje Nane za Mahindi

Zita alizoea kuianza siku jikoni. Akisha kufagia uwanja na kuwafungulia kuku, aliketi kwenye kigoda karibu na moto, akanyoosha miguu, na bibi yake, Bibi Fransiska, akampa kikombe cha uji wa ulezi. Mwezi wa saba huku juu Ufipa si wa mchezo. Upande wa Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, majani yaliamka meupe kwa baridi, na mtoto akipumua, moshi ulimtoka kinywani kama mzee mwenye kiko.

Ulikuwa mwaka ule malori ya wafanyabiashara yalipoanza kufika hadi mashambani kununua mahindi, kila lori na bei yake. Kila mahali watu walizungumzia nani kapata zaidi na nani kampita nani. Zita, mwanafunzi wa darasa la sita, naye alipenda kuwapita wenzake.

Siku moja Mwalimu Lydia, mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, aliingia darasani na mgeni mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alikuwa Mzee Obed, aliyestaafu kazi ya wanyamapori.

"Shikamoo mzee!" darasa zima likasalimu.

"Marahaba, wajukuu zangu." Akachukua chaki, akachora ramani ubaoni. "Mwezi wa tisa tunasafiri watu kumi na wawili. Tunajitolea, hakuna anayelipwa. Tuna magari mawili ya porini. Tunateremka ukingo wa bonde, tunapita Mtowisa, halafu tunaiacha barabara kabisa na kufuata Ziwa Rukwa kwa siku kumi, tukihesabu ndege na wanyama."

Akawasomea vitu vya kubeba: madumu ya maji na ya dizeli, kamba, majembe, mbao za kuweka chini ya magurudumu tope likikamata, na dawa za malaria kwa ajili ya mbu wa bondeni.

"Na chakula, mzee?" aliuliza mwanafunzi mmoja wa nyuma.

"Unga, maharage na dagaa. Anayetaka pilau asubiri harusi."

Walipomaliza kucheka, alisema kwamba alikuwa na nafasi mbili kwa wanafunzi wa kumwandikia hesabu. Shule mbili zingejaribiwa, hii na ya jirani. Kila shule itoe watoto wawili, wakahesabu korongo taji, wale ndege warefu wenye kishungi cha dhahabu, katika kinamasi kilicho karibu nao. Waende kila Jumamosi alfajiri kwa wiki sita. Yeye angeyasoma madaftari, kisha angechagua.

Mwalimu Lydia alimteua Zita kwa mwandiko wake mzuri. Wa pili alikuwa Kabula, msichana mkimya ambaye, kama alivyosema mwalimu, humwona ndege kabla ndege hajamwona yeye.

Kabula alitoka bondeni. Wazazi wake, Wasukuma wafugaji, walikuwa na ng'ombe karibu na Mtowisa, naye aliishi kwa baba yake mdogo, Kashinje, ili asome. Miaka miwili alikuwa hajamwona mama yake. Malori ya mchele yalishuka bondeni, lakini Kashinje hakukubali mtoto wa kike akae juu ya magunia na watu asiowajua, kwenye mteremko ule.

Walipotoka darasani, Kabula alimshika Zita mkono. "Gari linapita Mtowisa! Umesikia? Linapita kwetu kabisa. Nitamwona mama." Kabula alikuwa hajawahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja.

Jumamosi ya kwanza walikwenda pamoja kwenye kinamasi cha Nampulu, mwendo wa saa moja na nusu. Umande ulilowesha miguu ya Zita hadi akalia. Kabula alivua soksi zake za sufi, akampa, naye akabaki na ndala tupu.

Korongo walipotokea kwenye ukungu, Zita alinyoosha kidole. "Mmoja, wawili..."

"Usiwanyooshee kidole," Kabula alinong'ona. "Kwetu hata ng'ombe hatuwahesabu hivyo. Baba huwapitisha langoni, kila mmoja na punje yake." Akatoa mahindi mfukoni. Kila korongo aliyemwona, alihamisha punje moja mkono huu kwenda mkono ule. Mwishowe alizifunga kwenye kitambaa na kukaza fundo. Zilikuwa punje tisa. Zita akaandika daftarini: tisa.

Jumamosi ya pili Zita alisema tumbo linamuuma. Ya tatu alisema kichwa. Ya nne alisema vyote viwili. Tumbo na kichwa vilikuwa vizima. Kilichomshinda ni baridi. Kabula alikwenda peke yake, na kila Jumatatu alimpa Zita hesabu ya fundo: nane, tisa, saba. Pamoja na hesabu alimletea hindi la kuchoma alilolihifadhi kwenye majani, kwa kuwa mgonjwa hupenda kitu kitamu. Zita alilila.

Kisha akakutana na Zenon, mtoto wa mjomba wake, aliyekuwa akihesabu kwa niaba ya shule ya jirani.

"Mambo?"

"Poa. Ninyi mmefika wangapi?" aliuliza Zenon.

Zita akajikuna shingo. "Ninyi je?"

"Thelathini na mmoja, mshikaji! Nafasi hizo zihesabuni kuwa zetu. Nitawaletea mchanga wa ziwa kwenye chupa."

Zita alirudi nyumbani akiwaka. Saba! Nani angechagua watoto wa korongo saba? Hakuna aliyemwambia kwamba wengi ndio watakaoshinda. Alijiambia mwenyewe, akaamini. Alichana karatasi, akaandika upya Jumamosi zote nne kwa mwandiko wake mzuri: thelathini na sita, thelathini na wanane, arobaini, arobaini na watatu. Wiki ya tano na ya sita Kabula alimletea hesabu ya punje nane nane. Zita akaandika arobaini na wanne, kisha arobaini na sita.

Mzee Obed alipolisoma daftari ofisini kwa mwalimu, watoto wakiwa darasani, alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Arobaini na sita! Sijaona korongo wengi hivyo Ufipa kwa miaka kumi." Akabadilisha mpango wake wote. Magari yangeanzia Nampulu, nje ya barabara, yahesabu huko hadi mchana, ndipo yateremke bondeni. Nafasi mbili akawapa Zita na Kabula.

Kashinje alimtuma dereva wa lori la mchele amwambie mama yake Kabula: mtoto anakuja, asubiri barabarani. Alinunua khanga mpya ya kumpelekea mama huyo, na Bibi Fransiska akaongeza kilo mbili za unga wa ulezi. Kabula aliufunga mzigo huo, akaufungua, akaufunga tena.

Siku ya safari magari yaliwafikisha Nampulu asubuhi. Watu wa kujitolea walishuka na darubini zao, wakatawanyika. Saa zikapita. Mchana Mzee Obed aliwaita wasichana.

"Nimehesabu wanane. Wenzangu nao wanane. Wale wengine wako wapi?"

"Labda wamehama, mzee," alisema Zita.

Wakazunguka kinamasi kuwatafuta hao waliohama. Gari la pili likazama kwenye tope hadi milangoni. Mbao zilipasuka, kamba ikakatika, na watu wazima wakachimba kwa majembe hadi jua likaanza kushuka, siku yao ya kwanza ikiwa imekwisha. Mzee Obed alikuja na matope hadi kifuani.

"Nani alihesabu?"

Zita alimwangalia Kabula, ambaye alikuwa akibeba mawe ya kuweka chini ya gurudumu. "Kabula ndiye aliyehesabu," alisema. "Mimi niliandika tu."

Kabula aliweka jiwe chini. Hakubisha. Alitoa mfukoni vitambaa sita vyenye mafundo, akavinyoosha kwa mikono miwili.

"Ndiyo nini hii?" aliuliza kijana mmoja aliyechoka. "Mbegu? Mzee, tumezamisha gari kwa hesabu za mbegu!" Wenzake wakacheka, lakini si kwa furaha.

Mzee Obed hakucheka. Hakuvifungua vitambaa pia. "Mtoto asiyejua kuhesabu siwezi kwenda naye," alisema, "wala aliyeandika bila kuona." Jioni waliporudi kuosha magari, aliwaacha wote wawili shuleni, akawapelekea Zenon na mwenzake habari kwamba wajiandae kwa asubuhi.

Nyumbani Zita hakugusa ugali. Bibi Fransiska aliitazama miguu yake. "Miguu yako imevaa soksi za nani?" aliuliza.

Zilikuwa za Kabula. Hakuwahi kuzirudisha. Hapo machozi yakamtoka, akasema yote, hata hindi la kuchoma.

Bibi hakumpiga wala hakumkaripia. Alimfunga khanga mabegani. "Hayo maneno si ya kuambiwa mimi," alisema. "Kesho asubuhi tutakwenda wote. Mimi nitasimama karibu. Kusema, utasema mwenyewe."

Asubuhi magari yalikuwa yamewashwa. Zenon na mwenzake walikuwa wamekwisha kuketi nyuma, wazazi wao wakiwapungia mikono. Kabula alisimama kando na baba yake mdogo. Walikuja kuuleta ule mzigo wa mama. Zita alikwenda mbele ya wote, akasema. Hakuacha kitu hadi mwisho.

Mzee Obed aliomba vile vitambaa, akavifungua kimoja kimoja juu ya boneti: tisa, nane, tisa, saba, nane, nane. Yule kijana aliyecheka jana akainama.

"Mwanangu," Mzee Obed alimwambia Kabula, "nimekukosea. Hesabu hii ni safi kuliko zote nilizoletewa." Akamgeukia Zita. "Nani alikwambia natafuta wengi? Zamani Nampulu ilikuwa na korongo zaidi ya mia. Wanane ndiyo habari niliyokuwa naitaka, ili tujue wanakwisha. Ungeandika wanane, ungekuwa umeketi garini."

"Basi mchukue Kabula, mzee," Zita alilia. "Niache mimi, mchukue yeye."

Mzee Obed alitazama nyuma ya gari. Palijaa madumu, mahema, watu, na watoto wawili waliokumbatia mikoba yao. "Siwezi kumshusha mtoto asiyekosa nimpandishe mwingine asiyekosa," alisema taratibu. "Nikitafuta njia siioni."

Kabula akampa mzigo. "Mama yangu anaitwa Sayi. Atakuwa barabarani Mtowisa. Mwambie mimi mzima. Mwambie nimerefuka."

Magari yakaondoka. Kabula aliyaangalia hadi vumbi likatulia.

Siku kumi na moja baadaye Mzee Obed alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Kashinje. Zita alikuwepo. Kila siku alikuja kumsaidia Kabula kuteka maji, na kila siku Kabula alimwacha ateke bila kumwambia neno. Mzee Obed alishuka na kibuyu cha maziwa mgando kilichofungwa kwa majani.

"Mama yako alinisubiri siku mbili," alimwambia Kabula. "Ile siku moja tuliyoipoteza kwenye tope, yeye alikuwa amekwisha kufika. Alilala kwa jirani na kurudi barabarani. Nilipofungua mlango aliwatazama wale watoto usoni mmoja mmoja. Kisha akaangalia na chini ya turubai. Nikampa khanga. Akauliza umerefuka mpaka wapi. Nikamwonyesha hapa, begani kwangu. Tulipopita tena tukirudi, akanipa kibuyu hiki nikuletee."

Kabula alikipokea kibuyu, akakipakata kama mtoto mchanga. Mvua zilikuwa karibu, na zikianza, njia ya bondeni ingefungwa hadi mwakani.

"Lakini hesabu zako nimezipeleka ofisini," Mzee Obed alimwambia. "Nampulu italindwa. Hakuna atakayelima wala kuchoma majani pale. Na mwakani kiti cha mbele ni chako. Nimemwahidi mama yako."

Zita alipiga magoti mbele ya Kashinje. "Baba, nisamehe."

Kashinje alimwinua. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono iliyokakamaa, na alizungumza polepole. "Sikiliza, mwanangu. Nimechunga ng'ombe tangu sijang'oka meno ya utoto. Mchungaji akirudi jioni na ng'ombe pungufu, akasema wametimia, hajawaongeza hata mmoja. Anachofanya ni kutuzuia kwenda kuwatafuta waliopotea wakati nyayo bado mbichi. Asubuhi ukisema ukweli, tutakushukuru, lakini nyayo zimekwisha kufutika. Ukweli useme jioni ileile. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Kabula alimimina maziwa kwenye vikombe. Alimpa Mzee Obed, akampa baba yake mdogo, akanywa na yeye, macho kafumba. Kisha akamimina kikombe cha nne, kidogo, akakiweka mbele ya Zita bila kumtazama.

Jumamosi iliyofuata, kabla jua halijatoka, Zita alikuwa Nampulu. Kabula alimkuta huko, na soksi za sufi, zilizofuliwa na kukunjwa, zilikuwa juu ya jiwe zikimngoja. Kabula alizivaa. Akatoa punje za mahindi mfukoni, akazitazama, kisha akazimimina zote kwenye kiganja cha Zita.

Korongo walitokea kwenye ukungu. Zita alihamisha punje moja moja, bila kunyoosha kidole, akangoja sana kama kuna wengine. Hakuna aliyekuja.

Akafunga fundo, akafungua daftari, akaandika: sita.