Mume wa Nyumba ya Udongo

Mimi Sabaha, muuza madera wa Mtaa wa Kongo, sijawahi kuwaheshimu watu wanaocheza umaskini. Nasema mapema ili tusilaumiane mbele.

Jumatano ile, adhana ya magharibi bado, nilifunga duka nikashika njia kwenda kumchukua mdogo wangu Ummy. Ijumaa alikuwa anaolewa. Mtu anaolewa keshokutwa, kungwi yuko nyumbani kwangu Ilala anamsubiri, liwa ya kumsinga imeshasagwa, yeye yuko kwenye kiwanja nyuma ya Msimbazi anakandika udongo. Tena bure. Wenyewe wanaita kujitolea.

Kijiji chenyewe nikueleze. Palikuwa na nyumba mbili za zamani zimevunjwa, mwenye kiwanja anangoja siku ya kupandisha ghorofa. Wakaja vijana waliomaliza chuo na hawana kazi, wakaomba wajenge hapo kijiji cha Wazaramo wa enzi za misafara, watu waje wajionee mababu walivyoishi. Miti, fito, udongo, makuti. Msumari hata mmoja hautakiwi. Kiongozi wao Godbless, kijana wa Machame aliyezaliwa kwenye nyumba ya vigae, ndiye alikuwa ananifundisha mimi, Mzaramo wa Kisarawe, jinsi bibi yangu alivyoshika mchi. Mama yangu mpaka leo yuko kwenye nyumba ya udongo na kila akisali anaomba bati. Hajaenda mtu kumpiga picha.

Halafu wana sheria yao. Ukishajifunga kaniki ukaingia kijijini, wewe si wewe tena. Ni mtu wa kale, na huachi kuwa mtu wa kale mpaka kengele ya kufunga ipigwe. Mgeni akikuuliza saa ngapi, hujui saa. Sasa wanaume wote walitaka kuwa jumbe au mganga, hakuna aliyetaka kuwa mume wa mtu. Basi Ummy akapewa mume wa kusimuliwa tu, mpagazi aliyekwenda bara na msafara, hajarudi. Miezi miwili mizima mdogo wangu anawaambia wageni kwamba anamsubiri mumewe. Kila jioni anamtandikia mkeka, anamwekea maji ya kunawa miguu, anampakulia ugali wa mtama anaufunika kawa. Jina hakumpa. Nilimuuliza siku moja, akacheka, akasema Godbless kasoma kwamba mke wa zamani hatamki jina la mumewe, kwa hiyo wameona hakuna haja ya kumtafutia.

Wasomi hao. Nyumba wameweka, mke wameweka, chakula na maji wameweka, halafu mwenyewe wamemwacha awe yeyote.

Nilipofika wageni walishaondoka. Godbless alikuwa getini na kikoi chake, kilemba kakifunga kama bandeji ya mtu aliyepasuka kichwa. Akanizuia. Kengele bado dakika kumi, dada. Nikamwambia kengele akaipigie kwao, nikapita.

Nyumba ya Ummy ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta. Honi za Msimbazi nilikuwa nazisikia vizuri mpaka nilipokanyaga uwanja wake uliofagiliwa. Hapo zikafifia... Hazikukatika. Zilikuwa mbali tu, kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu.

Kisha ikaja harufu. Jasho la siku nyingi. Vumbi. Na chini yake kitu kingine, kidonda kilichofungwa majani kikasahauliwa.

Mlangoni palikuwa na bakuli la mti, lile la maji ya miguu. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo.

Yalishatumika.

Nikaita, Ummy. Ndani mtu alikuwa anatafuna. Polepole... anatafuna, anameza, anatafuna.

Nikachungulia. Ummy amepiga magoti pembeni ya mkeka, kichwa chini, anapepea kwa kipepeo cha ukindu. Mkekani amekaa mtu, mgongo kwangu. Mwembamba. Mabegani ana sugu nyeusi zinazong'aa, sugu za mtu aliyebeba mizigo mpaka nyama ikafa. Visigino vimepasuka, na vilikuwa bado vimelowa.

Nilichofikiri kwanza naona aibu kukisema. Nilifikiri hatimaye wamempata mwenzao wa kuigiza mume. Nikamdharau na yeye.

"Ummy, vaa tuondoke," nikasema.

Hakugeuka. Akanong'ona, "Taratibu, dada. Amechoka."

"Nani amechoka?"

"Mwenyewe. Amerudi."

Ndipo nilipoutazama ule ugali. Ulikuwa mzima juu ya chano, haujaguswa hata na kidole. Na yule mtu bado anatafuna... Sasa anatafuna nini?

Akaacha kutafuna.

Nilisikia vishindo nyuma, nikashukuru Mungu, watu wanakuja. Alikuwa Godbless na wenzake wawili, simu juu, wanarekodi, sheria yao wenyewe wameisahau. Alichungulia juu ya bega langu, akatabasamu, akanong'ona kwamba Ummy leo amewapita wote, ona anavyopepea mkeka mtupu kana kwamba kweli kuna mtu.

Mkeka mtupu. Wale wajinga wakapiga makofi.

Nikamshika Godbless kilemba nikakivua, nikamwambia akapige kengele sasa hivi. Nadhani uso wangu ulimtisha, akaenda mbio. Kengele ikalia. Kijiji kizima wakaanza kucheka, kuwasha simu, kuulizana nani ana chaja. Nilipogeuka tena mkekani hapakuwa na mtu, ila harufu ilikuwepo.

Ummy alikuwa bado anapepea.

Nikamwinua kwa nguvu, nikampakia kwenye bajaji na kaniki yake vilevile. Godbless alinitumia ujumbe usiku, eti anaomba ruhusa video waiweke kwenye ukurasa wao. Sikumjibu, maana matusi yote niliyokuwa nayo yalikuwa madogo.

Alhamisi kungwi, Bi Mwanne, akaingia chumbani kumsinga liwa. Hakukaa sana. Alinikuta jikoni, mikono bado ina liwa, akafunga mlango.

"Huyu mtoto mbona ameshafundwa?" akaniuliza.

Nikasema hapana, wewe ndiye kungwi wake wa kwanza. Akatikisa kichwa. Kila alichomweleza Ummy alikuwa anakijua, na vingine alivijua kwa namna ambayo siku hizi haifundishwi. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza huku anaosha mikono. Akasema wapagazi wengi walifia njiani, wakafukiwa walipoanguka, msafara ukaendelea, na kwao hakuna aliyejua kama ni wa kuliliwa au wa kusubiriwa. Sasa kuna mwanamke kila jioni, miezi miwili, anasema namsubiri mume wangu, wala hasemi ni yupi. Akasema angekuwa yeye ni mmoja wao, angerudi pia. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka, liwa akaiacha.

Ningeahirisha ndoa. Nasema hivi mbele ya Mungu, ningeweza. Lakini kadi zilishasambaa, Rajabu bwana harusi ni kijana mwema mwenye kazi yake, na mimi nilimchukua Ummy kwa mama tangu ana miaka saba, nikamlea ili niione siku ile. Nikasema akishaolewa na mtu wa kweli, yale ya maigizo yatakwisha. Niliwacheka wasomi kwa ujinga wao, na wa kwangu ulikuwa mkubwa zaidi.

Ijumaa baada ya sala, nyumba ikajaa. Wanaume kibarazani, wanawake ndani. Shehe Sadalla aliletwa na upande wa Rajabu, yeye hatujui, sisi hatumjui. Akaingia mpaka mlangoni kwa bibi harusi na mashahidi wawili, akamuuliza Ummy kama ameridhia kuozwa kwa Rajabu kwa mahari iliyotajwa.

Ummy kimya, kichwa chini.

Shangazi akataka kupiga kigelegele, maana mwali akinyamaza ndiyo amekubali. Shehe akamzuia kwa mkono. Akanigeukia mimi, sauti ya chini, ya mtu anayetaka kumsitiri mwenzake.

"Mwanangu, huyu ana mume. Nimemkuta hapo kibarazani nikiingia, mtu mwembamba, amenipa mkono, amesema amekuja kumchukua mkewe. Mnataka nifungishe nini hapa?"

Mashahidi wakatazamana. Nje, wanaume waliokuwa wanaongea wote wakanyamaza kwa pamoja.

Ummy akainua uso. Tangu Jumatano sikuwa nimeuona vizuri. Alikuwa anatokwa machozi, na alikuwa na furaha ambayo mimi dada yake, pamoja na yote niliyomfanyia, sijawahi kumpa.

Akavua dhahabu, akaniwekea mkononi moja moja. Akajifunga kanga kiunoni, akainuka, akatoka.

Na sisi sote, shehe, Rajabu, mimi niliyemlea, tukampisha njia.