Mstari wa Frankline

Kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi wa gredi ya saba walitimua mbio kwenda uwanjani. Mellen alielekea chumba cha kompyuta, polepole, kama kila siku. Hakuna aliyemfukuza uwanjani. Shida ni kwamba huko watu walicheka kwa Kijaluo, naye alikuwa amehamia Sindo kutoka Kehancha, kwao Wakuria, muhula uliopita, mama yake muuguzi alipopata uhamisho. Kucheka baada ya wenzako kumaliza kucheka ni kazi ya kuchosha. Ni Cate tu, aliyeketi naye dawati moja, ambaye alikumbuka kumgeuzia maneno kwa Kiswahili.

Kila Ijumaa alasiri klabu ya kompyuta ilifundishwa na Madam Damaris, mtengenezaji wa programu. Yeye hufanya kazi akiwa nyumbani kwake, karibu na ziwa, na wakubwa wake wako mbali. Katika kompyuta nane kuukuu za shule alikuwa ameweka chombo cha kutafutia. Unaandika neno, nacho kinakuonyesha kila faili yenye neno hilo, hata kama limefichika katikati kabisa.

"Mtandao wa hapa ni wa kubahatisha," aliwaambia. "Kwa hivyo nimewawekea vitabu na mifano humu ndani. Msihangaike kukariri. Jueni kutafuta."

Kisha akatangaza kwamba kila mmoja atengeneze programu moja. Itakayopendeza zaidi ingepelekwa kwenye maonyesho ya Homa Bay, na mwenyewe aende kuieleza. Mellen alitamani kwenda, lakini alitamani zaidi watu wajue kwamba yupo.

Akamkumbuka nyanya yake kule Kehancha, ambaye husahau dawa zake za presha. Akaandika neno "dawa" kwenye chombo kile. Ikatokea faili moja katika folda ya wanafunzi wa zamani: programu inayolia kengele na kuonyesha, kwa herufi kubwa, dawa ya kumezwa saa hiyo. Iliandikwa na Frankline, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni huko Ndhiwa. Mellen aliinakili. Akafuta jina la Frankline, akaandika lake, akabadilisha rangi. Katikati kulikuwa na mstari ambao hakuuelewa. Alidhani ni amri ya kompyuta, akaogopa kuugusa, programu isije ikaharibika.

Wiki hiyo ilikuwa tamu. Watoto walikuja kuona kengele ikilia, naye akawaambia amemtengenezea nyanya yake wa Kehancha. Willis, mcheshi wa darasa, akamwita "injinia". Wakati wa mapumziko Mellen alikwenda uwanjani na watu wakampisha akae.

Ijumaa Madam Damaris aliionyesha programu ile ukutani, mstari baada ya mstari. Ghafla Willis akaangua kicheko.

"Eh! Kumbe Mellen siku hizi anaandika Kijaluo!"

Cate akasoma kwa sauti. "Aloso ma ne dana. Yaani, nimemtengenezea nyanya yangu."

"Kwani nyanyako wa Kehancha anajua Kijaluo?" Willis akauliza.

"Mellen, mstari huu wa maelezo, ambao kompyuta huuruka tu, uliuandika mwenyewe?" Madam Damaris akauliza.

Mellen akamwonyesha Cate kwa kidole. "Ni Cate... Cate ndiye alinisaidia kuuandika."

Cate alimtazama. Akachukua mkoba wake, akahamia benchi la nyuma. Madam Damaris akafunga kipindi bila kuuliza zaidi.

Wote walipoondoka, Mellen alibaki ameketi. Siku zote alikuwa mpweke, lakini upweke wa leo alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake, na uliuma zaidi.

"Madam," alisema akilia, "si yangu. Ni ya Frankline. Na Cate hakunisaidia. Utanitoa kwa klabu?"

"Ningeandika mstari ule kwenye chombo, jibu ningelipata mara moja," Madam Damaris alisema. "Lakini nilitaka litoke kwako. Sogea hapa."

Akafungua kompyuta yake mwenyewe. Juu ya kila sehemu ya kazi yake kulikuwa na jina la mtu.

"Hii niliipata kwa mtu ambaye sijawahi kumwona. Na hii pia. Nusu ya kazi yangu ni kutafuta, Mellen. Kutafuta si kosa. Kutumia kilichoachwa kitumike si kosa. Kosa ni kufuta jina la mwenyewe." Akayagusa majina yale kwa kidole. "Mimi hufanya kazi peke yangu. Kuna siku inafika jioni sijaongea na mtu. Haya majina ndiyo wenzangu. Ukimfuta mwenzako, unabaki peke yako."

Jumatatu Mellen alisimama mbele ya darasa, akasema ukweli wote, kisha akamgeukia Cate na kumwomba msamaha kwa kumsingizia. Cate aliinamia daftari lake.

Madam Damaris alimpigia simu mwalimu wa Frankline kuomba ruhusa ya kuitumia programu. Ujumbe wa Frankline mwenyewe ulifika Jumatano. "Itumie. Nyanya yangu alifariki mwaka jana. Afadhali kengele ilie kwa mwingine."

Mellen aliusoma ujumbe huo mara tatu. Kisha akalirudisha jina la Frankline juu kabisa, na lake akaliweka chini yake. Kwa kuwa nyanya yake hajui kusoma, alirekodi sauti yake mwenyewe kwa Kikuria, ikimwambia ameze dawa gani. Kazi hiyo ilimchukua mapumziko ya Jumatano na ya Alhamisi. Hakuna aliyekuja kumtazama.

Ijumaa asubuhi mlango ulifunguliwa. Alikuwa Cate. Alisimama nyuma yake muda mrefu, akitazama kioo cha kompyuta. Chini ya mstari wa Frankline kulikuwa na mstari mpya.

"Huu unasema nini?" Cate akauliza. "Siuelewi."

"Ni Kikuria. Unasema sawa na ule wa juu. Nami nimemtengenezea nyanya yangu."

Cate akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nisomee," alisema. "Lakini polepole, nami niujue."