Salamu Aliyoikana Mwalimu Esteri

— Amahoro, Esteri! Amakuru y'i muhira?

Walimu wote kutoka Kasulu waliacha kutazama nyumbu, wakageuka. Siku mbili wamekaa kwenye basi, Kibondo, Kakonko, mpaka Serengeti, na sasa mpishi wa kambi ya watalii ameweka sufuria chini, anainama na kupiga makofi taratibu, salamu ya heshima ya kwao Burundi, akiulizia amani na habari za nyumbani.

— Makubwa! Tunu, mwalimu mwenzake, akacheka. Hicho si Kirundi? Esteri, kumbe wewe mtu wa kambi ya wakimbizi?

Uso ulimwaka Esteri. Shule nzima inajua yeye ni Muha halisi wa kijiji cha Kitanga, na mchumba wake ni askari wa wanyamapori, anatembea na bunduki. Kwamba uraia wa Tanzania wa baba yake umetoka juzi tu, mwaka huu wa 2015, hakumwambia mtu.

— Simjui, alisema. Kanifananisha.

Havyarimana, yule mpishi, alimtazama. Miaka minne ya uchumba wao, jamani! Angeweza kumuumbua palepale.

— Samahani, mwalimu. Kweli nimekufananisha.

Akawapakulia walimu isombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaondoka. Tunu alikula mpaka akalamba vidole. Mtoni nyumbu walijitupa majini kwa mamia, wenzake wakapiga kelele na picha, Esteri haoni kitu. Sahani yake hakuigusa.

Jioni ujumbe ukaingia: "Niliomba ruhusa kwa bosi nikupikie mboga ya kwenu. Jumamosi nakuja na wazee kujitambulisha kama tulivyopanga. Wakikuuliza kama unanijua, toa jibu la moyoni mwako. Ukisema hunijui, nitarudi zangu. Sitakulaumu."

Alimpigia mara tano. Hakupokea.

Jumamosi, nyumbani Kitanga, walimu nao wakaja kumwona huyo askari. Shangazi alimtoa Esteri chumbani, kitenge kimemfunika kichwa. Baba yake mdogo, mzee Nduwayezu, akauliza kama desturi inavyotaka:

— Binti yetu, tuna wageni. Yupo unayemjua?

Havyarimana alikaa mkekani, macho chini.

— He! Tunu akaropoka. Si yule mpishi wa Serengeti?

Neno moja tu la Esteri, na mtu wake anaondoka.

— Namjua, baba. Ni Havyarimana. Ni mpishi, hana bunduki, niliwadanganya wenzangu. Na mimi ni mtoto wa wakimbizi. Alinisalimia kwa lugha yetu, nikamkana mbele za watu. Naona aibu, baba, hata kumtazama siwezi.

Shangazi mwenyewe alisahau vigelegele.

Esteri akapiga magoti, akapiga makofi taratibu.

— Amahoro, Havyarimana.

Havyarimana akainua macho, akamtazama. Wazee wakaanza kutazamana.

— Amahoro, Esteri. Leo sijakufananisha.

Esteri alilia kichwa kikiwa chini vilevile. Tunu ndiye aliyeanza vigelegele, kisha akamuuliza shangazi kwa kunong'ona kama isombe ipo.