Jiko Lililooshwa

Mzee alikutwa amekufa asubuhi, katika chumba namba tatu cha nyumba ya wageni iliyo kati ya barabara kuu na ziwa. Ndoano zake zilikuwa zimepangwa juu ya kiti, tayari kwa kuvua. Blanketi lilikuwa limefika kidevuni, kama amefunikwa na mtu.

Inspekta, mwanamke asiyependa maneno mengi, alizunguka kitanda mara mbili.

"Hana jeraha," alisema daktari wa polisi. "Hakukabwa. Ila tazama kucha na midomo. Wekundu huu si wa kawaida."

"Mkaa?"

"Hewa yake. Haina harufu, unalala nayo moja kwa moja. Tutapima damu, lakini mimi sina shaka."

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magazeti. Sakafuni palikuwa na majivu kidogo na alama tatu za miguu ya jiko. Jiko lenyewe halikuwepo.

Mwenye nyumba, mjane ambaye wageni humwita Mama Funguo, alikuwa ameketi nje kati ya makonstebo wawili. Madereva wa malori walishamhukumu tayari, maana watu wakiamka na maiti jirani huwa hawakosi majibu.

"Hapa ni kitanda, chandarua na ndoo ya maji tu, afande," alisema. "Ndiyo maana wavuvi na madereva wanalala kwangu, ni rahisi. Lakini jiko ndani, hapana. Majiko ya wageni yote yanalala barazani, nayapanga mwenyewe."

"Jana yalikuwa mangapi?"

"Manne."

"Ufunguo wa akiba wa namba tatu anao nani?"

"Ninao mimi," alijibu, na konstebo mmoja akagusa pingu zake. "Afande, wakinifungia nyumba hii sina pengine pa kula."

Inspekta alikwenda barazani. Majiko yalikuwa manne kweli. Matatu yalikuwa na majivu ya jana. La nne liling'aa. Udongo wake ulikuwa bado umelowa, na ufa umeshuka kutoka ukingoni hadi chini.

"Hili la nani?"

"La mwalimu, mtoto wa marehemu. Walichukua kitanda kimoja, yeye akalala garini."

Mwalimu alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari lao, mlango wazi.

"Pole sana, mwalimu."

"Ahsante."

"Jiko lenu umeliosha lini?"

"Lilikuwa chafu."

"Mama yangu amepika kwa mkaa maisha yake yote. Jiko la udongo halioshwi, linapasuka. Unakung'uta majivu, basi. Baba yako angekucheka."

"Angenicheka," alisema mwalimu, na hapo machozi yakamtoka.

Inspekta alichuchumaa kando ya mlango wa gari.

"Alikuwa anakohoa, namsikia kutoka hapa garini. Mama alikataa tusije, alisema kifua cha mzee hakiwezi baridi ya ziwani. Nikamwahidi atalala na joto. Na baba nilikuwa nimemwahidi safari hii miaka mitano. Nikalichukua jiko barazani, bado lina moto. Nikaziba dirisha. Akanyoosha mikono juu ya makaa, akaniambia, 'Ahsante, baba.' Nikamfunika."

"Na asubuhi?"

"Nilikwenda kumwamsha tukavue."

"Ukalitoa jiko."

"Nikalitoa, nikaliosha. Sikutaka mama ajue ni mimi. Akijua, afande, ataendeleaje kunipikia?"

"Yule mama wa nyumba ukamwacha ashukiwe na polisi."

"Nilimwona. Nikasema ngoja kwanza."

Inspekta aliwaashiria makonstebo wamwachie mjane. Mama Funguo alipoambiwa, alikuja moja kwa moja hadi garini. Wote walidhani atamtukana, na haki alikuwa nayo.

"Baba," alimwambia, "si ungeniamsha? Kabatini nina mablanketi saba."

Mwalimu aliinamisha kichwa hadi magotini akalia kwa sauti.

Inspekta alifungua daftari lake, kisha akalifunga.

"Mpigie mama yako kwanza. Maelezo nitaandika baadaye."

Simu ilipokelewa mara moja. Sauti ya mwanamke mtu mzima ilisikika hadi nje ya gari.

"Nilikuwa naisubiri simu yako, mwanangu. Baba yako hakusikia baridi?"

Mwalimu alifumba macho.

"Hapana, mama. Hakusikia."