Kiti cha Rubani

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda dukani kwa Yahya kununua gundi. Hapa Kaloleni hakuna asiyejua msiba wetu, kwa hiyo hakuanza na salamu.

"Adongo, mpaka leo hamjampata?"

"Bado, Yahya. Kesho tunazika yago."

Aliinamisha kichwa. Yahya si mtu wa kwetu Usenge, lakini ameishi nasi vya kutosha kujua kwamba ziwa likimmeza mtu lisimrudishe, tunazika yago, lile tunda refu la mwegea, badala ya mwili. Pacha wangu, Opiyo, alizama akivuka kwenda kununua samaki. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana.

"Mungu awape subira. Nikupatie supaglu?"

"Hapana, ile nyeupe ya mbao. Supaglu inaharibu kioo. Moshi wake unaganda humo ndani."

Hilo nilifundishwa na Opiyo mwenyewe. Alikuwa akiunda mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ndogo ya kutosha kukaa kwenye sahani. Mabawa aliyapaka kijani na kahawia. Masizi ya moshi aliyatengeneza kwa unga wa penseli. Mtu mzima yule, na angekununia siku nzima kwa kupiga chafya karibu na rangi mbichi! Kilichobaki kilikuwa rubani, na kioo cha kumfunika.

Mama alikuwa amekataa mazishi kwa miezi mingi. "Siwezi zika tunda," alikuwa akisema. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: ile ndege imalizwe, izikwe pamoja na yago, ili kaburini kuwe na kitu kilichoshikwa na mikono ya mwanawe.

Basi nilikaa mezani nikampaka rubani rangi. Alikuwa mdogo kama haragwe. Picha kwenye boksi la ile ndege ilimtaka Mzungu. Mimi nikampa uso wetu, na kwa ncha ya sindano nikamwekea kovu la Opiyo juu ya jicho. Baba mdogo Absalom alikuwa ametuonya tusitaje jioni jina la asiyezikwa, atadhani anaitwa. Nilisahau. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

"Kaa vizuri, Opiyo," nikanong'ona, nikamfunika kwa kioo.

Chumba kikanuka ziwa.

Si samaki... Matope. Magugu yaliyooza. Maji yaliyokaa mahali pasipo na mwanga.

Nikaangalia dirisha. Lilikuwa limefungwa. Niliporudisha macho mezani, kioo cha rubani kilikuwa kimeingia ukungu. Nikaufuta kwa kidole. Haukufutika.

Ulikuwa upande wa ndani.

Kisha ukapungua wenyewe... ukarudi. Ukapungua... ukarudi. Polepole, kama mtu aliyelala. Nikashika kifua changu.

Tulikuwa tunapumua pamoja.

"Adongo." Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Hiyo harufu ni ya nini?"

Sikupata muda wa kuificha ile ndege. Mama aliinama juu ya meza, akaona ukungu ukija na kuondoka, akajiziba mdomo.

"Anapumua," alisema kwa sauti ndogo. "Woi, nyathina... mtoto wangu anapumua."

Aliipakata ndege mpaka asubuhi, watu wa kutusindikiza Usenge walipofika. Nilimwangalia nikaogopa kuliko nilivyoogopa ile harufu. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imeanza kuhesabika. Nilijua atakaa hivyo, bila kula wala kulala, akilinda kile kioo, mpaka na yeye nimzike.

Kaburini, yago likiwa tayari sandukuni, baba mdogo Absalom alinyoosha mikono kuipokea ndege. Mama aliikumbatia.

"Shemeji, tupe," alimbembeleza.

"Siwezi zika mtu anapumua."

Mama akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba jibu, na mpaka leo sijui aliomba lipi.

"Adongo, ni wewe ulifunga hiki kioo. Huu ukungu ni wa nini?"

Niliangalia. Ukungu uliondoka kidogo. Rubani nilikuwa nimemkalisha akitazama mbele... Sasa alikuwa ameugeuza uso.

Alikuwa ananitazama mimi.

"Ni gundi, mama," nikasema. "Niliweka supaglu. Ni moshi wake umeganda. Hakuna mtu humo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akalia. Kilikuwa kile kilio tulichokingoja tangu mtumbwi uletwe ufukweni bila mtu. Mikono yake ikalegea, baba mdogo akaichukua ndege, akailaza sandukuni. Wakafunika. Wakafukia. Niliposikia udongo ukigonga mbao nilitaka kupiga kelele wasimame, nikajiuma ulimi.

Mama anakula siku hizi. Analala usingizi wa kweli, na Aloo, jirani yetu, husema mama amerudi kuwa Perez yule aliyemjua zamani. Nashukuru. Nashukuru kwa moyo wote.

Lakini kila jua linapozama, pumzi yangu inakatika, na mdomoni nasikia ladha ya udongo. Daktari mmoja kule Kombewa alinisikiliza kifua, mbele na nyuma, akasema mapafu yangu ni mazima kabisa.

Jana mama aliniuliza mbona nahema hivi. Nikamwambia ni mafua.